Mtazamaji Wetu Anatia Chumvi Kwenye Chai

Mluzi ulianzia chini, kwenye ngazi.

Ilikuwa Ijumaa saa tisa alasiri. Saluni imejaa, redio inaimba, dryer mbili zinanguruma, na bado niliusikia. Mluzi wa taratibu, wa mtu asiye na haraka.

Ghorofa ya kwanza... ya pili...

Ghislaine alikuwa anasuka kwenye kiti cha pembeni yangu. Vidole vyake vikasimama katikati ya nywele za mteja.

"Yaya Jo," aliniambia kwa sauti ndogo, kwao yaya ni dada mkubwa, "iko nani kule?"

"Mteja tu. Endelea."

Hakuendelea.

Mlango ukasukumwa. Akaingia mwanaume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Mkononi alishika simu.

"Bonjour bamama," alisema. "Mnisamehe kuwasumbua kazini."

Akainua simu akaanza kusoma, polepole, kama mtu anayesoma somo kanisani.

"'Ana miaka ishirini na tisa. Anasuka nywele ghorofa ya tatu, kiti cha pili kutoka dirishani. Anatumia mkono wa kushoto. Kwenye chai hatii sukari, anatia chumvi.'"

Akatabasamu.

"Chumvi kwenye chai. Mimi duniani namjua mtu mmoja tu anayekunywa hivyo."

Ndugu zangu mnaosoma, nimeona mengi katika maisha yangu, vita nimeviona. Lakini sijawahi kuona macho kama yale.

Ghislaine hakumtazama yule mwanaume. Alinitazama mimi.

Kwa sababu maneno yale niliyaandika mimi, kwa mkono wangu.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo. Nitajitahidi nisiruke kitu, hata pale ninapojiaibisha.

Naitwa Joséphine. Nina miaka arobaini na tatu, Mrundi. Shule niliiacha darasa la sita vita vilipofika kwetu. Hapa Durban nilianza kwa kufungasha bidhaa kiwandani Jacobs, kisha nikaingia kwenye kusuka, na mpaka leo nasuka.

Mwaka juzi Mungu aliniwekea mzigo moyoni: soma. Nikajiandikisha masomo ya jioni, kozi ya video na filamu. Nilitaka siku moja nirekodi shuhuda za watu wetu, zisipotee.

Darasani mimi ndiye mkubwa kuliko wote. Vijana wa Kizulu waliniita gogo, yaani bibi. Sikukasirika. Nilikaa mstari wa mbele, nikanunua kalamu za rangi nne.

Kanisani pia nina kazi moja. Mimi ni sekretari wa maombi.

Kazi yenyewe ni hii. Watu wanaleta maombi yao kwa karatasi au kwa WhatsApp. Ninayanakili kwenye kitabu kikubwa, kila ombi na namba yake, na mwisho wa mstari nachora kisanduku kidogo. Mungu akijibu, naweka alama ya vema.

Jumatano tunakifunga kile kitabu, tunakizunguka, tunaweka mikono juu yake na kuomba. Hatukifungui. Ndani kuna siri za watu.

Mchungaji wetu alitufundisha jambo ambalo sikulisahau. Usiombe kwa jumla. Taja jina, taja mtaa, taja namba ya mlango. Anayeomba kwa jumla hajui anachotaka.

Kwa hiyo ninyi mnajua kuandika kwa sababu mlisoma, lakini mimi nilijifunza kuandika kule, kwenye kile kitabu. Kila kitu kwa jina lake na mahali pake.

Kumbukeni hilo.

Ghislaine alikuja saluni kwetu miaka miwili iliyopita, na binti yake Larissa na begi moja. Mkongomani, mpole, mcheshi akishakuzoea. Alitoka Johannesburg. Alimkimbia mume.

Hakuwahi kumtaja jina. Alisema "huyo mtu" tu. Simu yake ilikuwa ya vitufe, ile ndogo isiyo na picha wala WhatsApp, asije akapatikana.

Siku moja tukiwa tunakunywa chai, yeye na chumvi yake, alinieleza.

"Alikuwa anapiga mluzi akipanda ngazi, yaya. Kila jioni. Mimi nahesabu. Mluzi ukiwa wa pole, leo nitapigwa. Ukiwa wa haraka, nitalala salama."

"Na ukikosa kusikia mluzi?"

"Hapo yuko nyuma yangu tayari."

Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikuweza.

Sasa turudi chuoni. Tulipewa kazi ya mwisho wa kozi: filamu ya kusisimua, dakika kumi. Kundi letu lilikuwa watu watatu. Mimi, Carmel na Eddy.

Carmel ana miaka ishirini na mbili, anauza kwenye duka la simu mjini, mdomo wake haupumziki. Eddy ndiye mshika kamera, anaongea mara chache, akiongea anaharibu.

Walikuwa wamekwama kwenye hadithi. Nikasema, mwanamke anarudi nyumbani kwake ghorofa ya sita, lifti imekufa, anapanda ngazi gizani, na chini kuna mtu anapiga mluzi.

"Mama Joséphine," Carmel aliniambia, "wewe na hiyo Biblia yako, haya mambo unayatoa wapi?"

Nikafunua daftari langu. Lakini ninyi mnajua nilikoyatoa.

Kabla ya kupiga picha hata moja, mwalimu wetu alitaka karatasi. Ma'am Moonsamy, mama wa Kihindi kutoka Chatsworth, mfupi, mkoba mkubwa kuliko yeye. Swali lake lilikuwa moja: filamu yenu ni ya nani?

Tukaandika kwamba filamu yetu ni ya watu wote.

Alitupa tisa juu ya thelathini.

"Watu wote hawaji kutazama filamu," alituambia. "Anakuja mtu mmoja. Amechoka, ametoka kazini, amekaa kwenye kiti. Nileteeni huyo mmoja. Umri wake, kazi yake, anapanda taxi gani, anakunywa nini, anaogopa nini. Na mniambie anapatikana wapi, ili mkamwite."

Tukakaa kantini kujadili.

"Ni rahisi," Carmel alisema. "Mama, andika: Jessica, miaka ishirini na tano, anaishi Westville, ana gari, anapenda pizza. Dakika tano tumemaliza."

"Huyo Jessica unamjua?"

"Hayupo. Tunambuni."

"Sasa nikiandika ana gari, na hayupo, si nitakuwa nasema uongo?"

"Ni homework, mama. Si mahakama."

"Mwache," Eddy akadakia. "Usiku Jessica atamtokea ndotoni, anadai pizza yake."

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini nilisema nipeni mimi hiyo karatasi, nitaiandika kwa njia yangu.

Nikaenda nyumbani, nikapiga magoti. Nikasema, Bwana, nionyeshe mtazamaji wetu.

Nilipofumbua macho, aliyekuwa mbele ya mawazo yangu ni Ghislaine.

Nilidhani nimejibiwa.

Niliandika kurasa mbili bila kunyanyua kalamu. Niliandika kama ninavyoandika ombi. Anafanya kazi wapi, ghorofa ya ngapi, kiti gani. Anatoka saa ngapi, anavuka robot ipi, yaani taa za barabarani, anapanda taxi ya wapi. Mtoto wake anaogopa lifti, kwa hiyo wanapanda ngazi hata lifti ikiwa nzima. Mtoto hukaa kwa mama fulani chini ya kanisa mpaka saa kumi na moja. Anatia chumvi kwenye chai. Anaogopa mluzi.

Nilibadilisha kitu kimoja tu. Jina. Nikamwita Mama Neema.

Sikumwomba ruhusa. Nilimwombea tu.

Ma'am aliisoma mbele ya darasa lote. Alipomaliza alivua miwani.

"Huyu mwanamke ninamwona," alisema. "Angeingia sasa hivi ningemjua."

Ishirini na nane juu ya thelathini.

Nilikwenda chooni nikalia. Miaka arobaini na tatu, na ilikuwa mara ya kwanza mwalimu kunisifia maandishi.

Carmel akatengeneza tangazo. Upande mmoja picha ya ngazi zenye giza, upande mwingine zile kurasa zangu, chini maneno: Huyu ni wewe? Njoo utazame. Yeye akalipeleka Facebook, mimi nikalipeleka kwa watu wangu. Kwa sababu Ma'am alisema mkamwite pale anapopatikana.

Nilikuwa nimemwandalia Ghislaine kiti mstari wa pili. Nilitaka iwe surprise.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mwanaume akaingia saluni Ijumaa.

"Estella," alimwambia Ghislaine. "Chukua mkoba wako."

Tukatazamana. Mteja aliyekuwa anasukwa, Atuganile, Mtanzania mmoja anayesomea uuguzi, hana uoga kabisa, akageuza kichwa kilichosukwa nusu.

"Kaka, umekosea mlango. Hapa hatuna Estella."

"Ninaye mimi, dada," mwanaume alijibu kwa upole. "Na hati ya ndoa ninayo."

Miaka miwili nasuka pembeni yake na sikulijua jina lake halisi.

"Siendi," Ghislaine alisema. Sauti yake haikufika hata mlangoni.

"Larissa yuko kwenye gari."

Kitana kikamdondoka.

"Umemtoa wapi?"

Mwanaume akatazama tena simu yake.

"'Mtoto hukaa kwa mama fulani chini ya kanisa mpaka saa kumi na moja,'" alisoma. "Kanisa moja tu la kwetu lina watoto chini. Larissa aliponiona alinikimbilia. Aliniita papa. Huyo mama angemzuiaje?"

Nikasimama. Nikajiweka katikati yao.

"Baba, hapa ni mahali pa kazi," nilisema. "Hutamchukua mtu hapa."

Akanitazama vizuri, kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Na wewe ni nani, mama?"

Ndugu zangu, swali lilikuwa jepesi. Ningesema, mimi ni dada yake. Ningesema, mimi ndiye niliyeandika hayo unayosoma, shughulika na mimi.

"Mimi nafanya kazi tu hapa," nilijibu.

Hakuna jogoo aliyewika. Mjini hapa hakuna majogoo.

Ghislaine akarudi kwenye kiti. Nilidhani anakaidi. Kumbe alikuwa anamalizia ule msuko mmoja aliouanza. Aliusuka mpaka mwisho, akaufunga ncha, akaulaza vizuri begani kwa Atuganile.

"Unisamehe, dada," alimwambia. "Upande huu atamalizia Yaya Jo. Mkono wake ni mzuri."

"Usiende," Atuganile alisema. "We dada, usiende. Sisi tuko wanane humu, yeye ni mmoja."

"Mtoto yuko kwenye gari," Ghislaine alijibu.

Akachukua mkoba. Alipopita mbele yangu alisimama kidogo.

"Chumvi, yaya," alisema. "Hata chumvi."

Akatoka naye.

Tukasikia hatua zao zikishuka. Kisha mluzi ukaanza tena, ule wa pole.

Nilikwenda polisi. Nilikaa kwenye benchi saa mbili. Askari aliyenipokea hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka.

"Alibebwa kwa nguvu?"

"Hapana. Alitembea."

"Mwanaume alikuwa na silaha?"

"Hapana. Alikuwa na simu."

"Mtoto ni wa kwake?"

"Ni wa kwake."

"Eish, mama." Akaweka kalamu chini. "Wamekosana, wamerudiana. Niandike nini hapa?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi najua kuandika, anipe hiyo kalamu. Kisha nikakumbuka kalamu ndiyo iliyotufikisha pale.

Simu ya Ghislaine ilikuwa imezimwa. Jumamosi bado imezimwa. Jumapili pia. Nilifika kanisani, sikuimba.

Mama anayelea watoto chini ya kanisa aliniambia, "Alikuwa na shati safi, mama Joséphine. Alinisalimia kwa jina la Bwana." Alikuwa analia. Nilimkumbatia.

Jumatatu nilimngoja Carmel nje ya chuo. Nilikuwa nimejaa hasira, nyie. Siku tatu zote nilikuwa na mtu mmoja wa kumlaumu.

"Umefanya nini, Carmel?"

"Bonsoir na wewe, mama."

"Uliweka maisha ya mtu Facebook. Dunia nzima ikasoma. Amechukuliwa."

"Nani amechukuliwa?"

Nikamweleza. Yote, pale pale kwenye ngazi za chuo, wanafunzi wanapita. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Carmel alinyamaza mpaka nikamaliza.

Kisha akatoa simu yake.

"Mama," alisema, "tazama mwenyewe."

Akanionyesha ukurasa wa filamu yetu. Kulikuwa na picha ya ngazi, tarehe na saa. Basi.

"Maandishi yako wapi?"

"Niliyakata. Nani anasoma kurasa mbili Facebook? Hapa niliweka ngazi tu."

"Sasa ile nzima..."

"Ile nzima nilimtumia mtu mmoja." Hakupandisha sauti. "Nilikutumia wewe. Uliniambia, nipe nzima, watu wangu wanasoma."

Nilishika ukuta.

Watu wangu. Kikundi chetu cha WhatsApp cha maombi. Watu mia mbili na kumi na nne, wa Durban, wa Cape Town, wa Johannesburg. Wengi sijawahi kuwaona uso. Nilipeleka kule kwa sababu kwenye karatasi ya Ma'am, pale alipouliza mtazamaji anapatikana wapi, niliandika: kati ya watu wanaoomba.

Tangu Ijumaa nilikuwa sijafungua kile kikundi. Aibu ilinizuia.

Nikakifungua.

Tangazo lilikuwa pale, la Jumanne. Chini yake, amina. Amina, amina, kama arobaini hivi. Hakuna aliyeuliza ni nini. Walipoona maandishi yangu walidhani ni ombi.

Na chini kabisa kulikuwa na ujumbe wa sauti wa Jumapili asubuhi.

Carmel alikuwa amesimama karibu yangu. Tukasikiliza wote.

"Bwana asifiwe sana, wapendwa. Ni ndugu yenu Séverin wa Johannesburg. Nasimama kutoa ushuhuda. Mlisimama na mimi kwa maombi miezi minane. Mungu ni mwaminifu. Amemrudisha mke wangu Estella na binti yangu, wako hapa nyumbani. Mama sekretari, sijakuona uso kwa uso, lakini Mungu amekutumia. Ile kazi uliyotuma, nilisoma nikapiga magoti. Nilikuomba uniandike kwenye kitabu. Sasa naomba uweke alama."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kijiko. Kilikuwa kinakoroga ndani ya kikombe, polepole, kikombe kikilia.

Carmel aliweka mkono mdomoni.

Sikuingia darasani siku ile. Nilipanda taxi mpaka kanisani, nikafungua kabati, nikatoa kitabu. Nilijua ninachokwenda kukiona, lakini mtu huwa anataka aone.

Namba 112. Mwandiko wangu, wino wa kijani, kalamu ile ya rangi nne.

"Ndugu Séverin, Johannesburg. Mke wake Estella na mtoto wametoweka. Mungu amwonyeshe walipo. Mtaa, jengo, mlango."

Saluni nililisikia jina hilo, na kwa uoga sikulikumbuka. Nilimwonea huruma mtu yule. Kwenye ujumbe wake wa kwanza wa sauti alilia. Nilifunga siku tatu kwa ajili yake, maji tu. Nilimtumia ujumbe, nikamwambia usikate tamaa, baba, Mungu atafungua mlango.

Na kila Jumatano kwa miezi minane kitabu kilifungwa, tukakizunguka, tukaweka mikono juu.

Ghislaine alikuwa anakaa kulia kwangu. Alikuwa anaweka ule mkono wake wa kushoto juu ya jalada, anafumba macho. Alikuwa na sauti nzuri ya kusema amina.

Filamu tuliionyesha. Nilisema nisiende, Carmel akasema nikikosa yeye atalia jukwaani, basi nikaenda. Watu walijaa. Mluzi ulipoanza kwenye ngazi, ukumbi wote ulikata pumzi. Mstari wa pili kulikuwa na kiti kimoja kitupu, na karatasi juu yake: Mama Neema.

Tulipata alama za juu kuliko makundi yote.

Ma'am Moonsamy alinifuata mlangoni.

"Joséphine, ile karatasi yako ya mtazamaji, naomba niitumie mwaka ujao. Iwe mfano kwa wengine."

"Nirudishie, Ma'am," nilimwambia. "Tafadhali. Nirudishie leo."

Nilimweleza kwa nini. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, na ule mkoba wake mapajani. Kisha akaitafuta, akanipa. Niliichoma kwenye sufuria.

Hilo halikubadilisha kitu. Mia mbili na kumi na nne wanayo.

Nimepiga simu makanisa ya Johannesburg. Nimepiga kwa watu wanaosaidia wanawake, wakaniuliza anaishi wapi. Hapo ndipo nilipotambua. Mimi niliyeandika mpaka kiti anachokalia, sasa sina mtaa, sina jengo, sina mlango. Namba ya Séverin nilimpa mama aliyepokea simu kule. Alisema wataangalia. Imepita miezi saba.

Kila Jumatano mtu ananiuliza kwenye kikundi, mama sekretari, ushuhuda wa ndugu Séverin mbona hujaweka alama? Kisanduku cha 112 kiko wazi. Naogopa kuweka alama. Na naogopa zaidi kwamba hata nisipoweka, ombi lilijibiwa.

Mchungaji ananiambia nisijilaumu. Bado naomba, maana sijui kufanya kitu kingine. Lakini siku hizi naomba bila kutaja. Nasema, Bwana, yule. Mungu hana haja ya anwani. Wenye haja ya anwani ni watu.

Somo langu ni hilo, mlichukue. Ukimpenda mtu, usimwandike mpaka apatikane.

Kabla sijamaliza, kuna jambo naomba mlijue.

Nilipoanza kuwasimulia niliogopa kurudia kosa lile lile. Kwa hiyo nilimwomba Carmel anifundishe kubuni. Alinifundisha jioni tatu, kantini, na hakunicheka.

Ghislaine haitwi Ghislaine, na Estella haitwi Estella. Hakusuka ghorofa ya tatu. Larissa si binti wa umri mnaoudhania. Hata mkono wa kushoto nimeubuni. Na alichokuwa anatia kwenye chai yake hakikuwa chumvi. Sitawaambia kilikuwa nini.

Kuna mtu mmoja tu duniani ambaye akisoma hapa atajua kilikuwa nini, na atajua kwamba safari hii nilimficha.

Ma'am aliuliza, hii ni ya nani? Hii ni ya huyo mmoja.

Lakini jambo moja sikulibuni. Simu yake ni ya vitufe. Huku mtandaoni haifiki.